Mahali pa Kuweka Mtego wa Fisi

Butimba, jioni

Kabula mwanangu,

Nimekaa barazani, nawasikia wewe na mama yako mnabishana chumbani kama blanketi la pili liende au libaki. Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji ya kunywa na ya kutokukaa kiti cha nyuma kwenye basi namwachia yeye. Ameshayasema yote na kesho stendi atayarudia. Mimi nina jambo moja, na nimeona niliandike kwa sababu tukilizungumza utanicheka, nami nitacheka, litakuwa limepotea.

Ni ule ujumbe uliotusomea kwenye simu tukila chakula cha mchana. Mwenyekiti wa kijiji unakokwenda kuanzia kazi amekukaribisha vizuri. Amesema fisi wamezidi, mbuzi wanaisha, wananchi wana hasira, na wote wanakusubiri wewe na mtego wako. Halafu akaongeza: "Pa kuuweka tumeshapaona, ni nyuma ya kwa bibi mmoja mjane, pale mlimani. Vijana wameshafyeka." Kaka zako wakasema una bahati, umepata mwenyekiti mchapakazi. Wewe ukafurahi. Mimi niliomba chumvi.

Mwenyekiti huyo simjui na sina ugomvi naye. Lakini nimefanya kazi ya wanyamapori mpaka nimestaafu, na kila nilipomkuta mtu asiyejua mtego unavyonasa lakini anajua vizuri pa kuuweka, ilikuwa ni kwa sababu kuna jambo alishaliamua kabla sijafika. Mara nyingine lilikuwa jambo dogo tu. Mara nyingine halikuwa dogo. Nataka uende na shaka, Kabula, na shaka yenyewe uigawe vizuri. Mimi ya kwangu yote niliimalizia kwa mnyama.

Hukumbuki tulipokaa ng'ambo, upande wa Sengerema, kwa sababu ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mama yako alikuwa muuguzi wa zahanati. Mimi nilikuwa ofisa kijana mwenye pikipiki ya serikali na bunduki ya serikali, na kijiji kizima kiliniita Bwana Nyama. Kilikuwa kijiji cha pwani ya ziwa, nyumba zimetawanyika kati ya maji na ule mlima wa majabali ambamo fisi walilala mchana kutwa.

Hapo walikuwapo Bibi Minza na Mzee Masalu. Nikueleze hao wawili, wengine hawana haja.

Bibi Minza alikuwa mjane, mwenye nyumba ya mwisho kabla ya mlima, na shamba zuri lenye maji lililoshuka mpaka ziwani. Alikaanga mapanki. Nyinyi mmekua wakati wa minofu, lakini mapanki ndiyo yaliyolisha watu wengi huku kwetu: ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya nyama kuondolewa, kichwa na mkia na nyama kidogo ubavuni. Aliyafuata Mwanza mwenyewe, akavuka nayo kwenye kivuko ndani ya ndoo, watu wakiziba pua, akayakaanga kwenye karai kubwa mbele ya nyumba yake. Mifupa iliyobaki aliitupa kwenye shimo nyuma.

Mzee Masalu alikuwa kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa jadi wa kijiji. Mtu mpole wa sauti, mwenye fimbo nyembamba aliyoitumia kuonyesha vitu. Shamba lake lilipakana na la Bibi Minza kwa mstari wa minyaa.

Mbuzi walianza kupotea kiangazi. Nikaitwa, nikafuata nyayo asubuhi moja, nikiwa nimejaa elimu yangu. Nawe umefundishwa, lakini nikukumbushe: unyayo wa fisi huacha alama za kucha, tofauti na wa chui, na mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, kwa hiyo ukiona nyayo kubwa na ndogo zinafuatana usidhani ni wanyama wawili. Kinyesi chake kikikauka ni cheupe kwa sababu ya mifupa. Nilivikuta vyote hivyo, na vyote vilishuka kutoka mlimani vikaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba ya Bibi Minza, kwenye lile shimo. Njia ilikuwa imechongeka kama ya ng'ombe.

Nikaweka mtego pale. Ulikuwa sanduku la nondo na wavu mzito, mlango wa kuanguka, sahani ya kukanyaga ndani. Kwa kumnasa fisi, Kabula, hakukuwa na mahali bora kuliko pale wilaya nzima. Hata leo nikipewa mtihani ule nitajibu hivyohivyo, na nitapata alama zote.

Sasa wewe ni mtoto wa Usukumani, unajua wanavyosema: kuna fisi wa porini na kuna fisi wa mtu. Fisi wa mtu hutumwa, na mwenyewe humpanda kama punda. Na akiuawa, mwenye fisi huugua siku ileile. Chuoni nadhani hilo mlipewa aya moja, chini ya kichwa cha imani potofu, mkafungua ukurasa unaofuata. Sisi hata hiyo aya hatukupewa. Mimi nililijua kutoka kwa bibi yangu, nikaliweka pamoja na mambo ya utotoni, kama vile kuogopa upinde wa mvua.

Kesho yake Masalu akanikuta naosha pikipiki ziwani.

"Bwana Nyama, tunashukuru. Hata serikali imeona."

"Imeona nini, mzee?"

"Sisi wengine tukisema tunaambiwa ni wajinga, hatujasoma. Sasa amekuja msomi. Ameinama chini, amefuata nyayo, amefuata, amefuata, mpaka zimemfikisha mlangoni kwa yuleyule." Akaonyesha kwa ile fimbo. "Tena bila kuambiwa na mtu."

Nilimweleza habari ya mifupa. Nilimweleza kirefu, kwa subira, kama ninavyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia "ndiyo, ndiyo", na nilipomaliza akasema, "Na kwa nini fisi wasiende kwenye mifupa ya kwangu?" Akaondoka.

Wiki hiyo karai la Bibi Minza lilianza kukosa wateja. Akina mama waliokuwa wakipitia kwake kutoka ziwani wakawa wanazunguka kwa njia ya juu, wamebeba ndoo, kwenye mawe. Aliniita nilipokwenda kukagua chambo.

"Bwana Nyama, hilo sanduku ni la fisi au la kwangu?"

"La fisi, bibi."

"Mbona wanaoliangalia wote wanamalizia na mimi?"

Nikamwambia avumilie. Nikamweleza kwamba fisi ni mnyama mwenye mashaka sana, hawezi kuingia kwenye kitu kigeni siku ya kwanza. Lazima mlango ufungwe kamba ukae wazi, ale chambo aende zake, ale tena, azoee. Ndipo unategua kamba, mlango uwe tayari kuanguka. Nikihamisha sanduku sasa, kazi yote inaanza upya. Alinisikiliza huku akikoroga mafuta kwa kijiti.

"Kumbe fisi unampa muda wa kuzoea," akasema. Mimi niliona nimeeleweka.

Siku zile nilizompa fisi zingetosha kulifukia lile shimo na kuwafanya watu waongeze miiba kwenye mazizi. Mazizi yalikuwa mabovu, mbuzi mwenyewe angeweza kutoka. Hiyo ndiyo kazi iliyopaswa kuja kwanza, na mtego baadaye, kama ungehitajika kabisa. Lakini kufukia shimo la mifupa ya samaki hakumpi mtu sifa, na wananchi waliomba mtego. Nami nilikuwa nao.

Fisi akanasa. Jike kubwa, sikio moja limechanika. Nilipofika, watu walikuwa wameshajaa, na kilichonishtua ni utulivu wao. Ungetegemea kelele na mawe. Walikuwa wamesimama tu. Masalu akanijia, mpole kama kawaida.

"Muue, Bwana Nyama, tuone."

"Tuone nini?"

"Tuone tu."

Nikamwambia naweza kumsafirisha, nikamwachie pori la mbali. Uso wake haukubadilika, lakini nyuma yake mtu akasema kwa sauti, "Anataka kumrudishia mwenyewe." Nikaona nimebanwa. Nikimwondoa akiwa hai, basi serikali imeficha fisi wa mtu, na kila mbuzi atakayepotea tena mwaka huo atakuwa wa Bibi Minza. Nikimuua, wataanza kutafuta nani kaugua. Na nilipogeuka kumwangalia Masalu vizuri niliona kwamba hakuwa na vijana wake. Nikamuuliza wako wapi.

"Nimewatuma wapite nyumba kwa nyumba, wawajulie watu hali."

Wawajulie watu hali. Kwa sauti ileile laini.

Hapo mama yako akanivuta shati. Alikuwa amekuja mbio kutoka zahanati, wewe mgongoni. Akaninong'oneza kwamba Bibi Minza ana malaria kali, jana jioni ndiye aliyempima na kumpa dawa, na sasa amelala ndani, hawezi hata kushika kikombe.

Nisingependa kukuficha tulichokiogopa. Wewe unasoma magazeti, unajua vikongwe wa kwetu hufanywa nini. Vijana wale walikuwa na mapanga, na wangeukuta mlango wake baada ya nyumba tatu au nne.

Nikamwambia Masalu bunduki inahitaji kusafishwa. Nikakaa chini, nikaanza kuifungua kipande kimoja kimoja. Mama yako akazunguka upande wa mbele wa nyumba akaingia kwa Bibi Minza. Haya yafuatayo alinisimulia yeye.

Alimkuta amejifunika khanga mbili na gunia, meno yanagongana. Akamweleza. Bibi akauliza neno moja:

"Wamefika kwa nani?"

"Wako kwa fundi baiskeli."

"Niwashie moto."

"Bibi, huwezi kusimama."

"Nitakaa. Mapanki hayakaangwi kwa miguu."

Mama yako akamkokota mpaka kwenye kigoda, akachochea kuni, akaweka karai. Moto ulifanya kazi ambayo sisi tusingeweza: jasho la homa na jasho la mkaanga samaki huwezi kuyatofautisha, na anayekaanga macho yake huwa mekundu siku zote. Vijana walipotokea, mafuta yalikuwa yanalia na Bibi amejiinamia na kijiti chake.

Mimi niliwaona wakisimama. Kutoka kwenye sanduku mpaka pale kwake ni mwendo wa kurusha jiwe, na pembeni mwa nyumba niliuona uwanja wake wa mbele. Umati wote ukageuka, ukasogea kwake, ukamzunguka. Nikaona huo ndio wakati. Nikaifunga bunduki, nikasema kwa sauti, "Sasa!" na nikafyatua. Mwanangu, hakuna hata mmoja aliyemwangalia yule fisi akifa. Wote walikuwa wanamwangalia bibi.

Bibi Minza akageuza panki upande wa pili.

"Nyinyi," akasema, "mnanunua au mmekuja kunizibia upepo?"

Kijana mmoja wa sungusungu, mrefu, akajaribu:

"Bibi, hujambo?"

"Hujambo? Hivyo ndivyo unavyonisalimu mimi? Nimemwogesha mama yako wewe, akiwa hana hata jino. Shikamoo umeiacha wapi, kwenye panga?"

Watu wawili watatu wakacheka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weka hilo panga chini, ushike kichwa hiki, bado cha moto."

Hakukishika. Unajua kwa nini. Hakuna anayekula mkononi mwa mtu anayesemwa hivyo, na kama angekula na kesho akaumwa tumbo, lingekuwa jambo jingine. Kile kichwa cha samaki kikabaki hewani kwenye kijiti, na nikaona mkono wa Bibi unaanza kutetemeka. Kama ungetetemeka zaidi kidogo wangeuona.

Mama yako akakipokea. Akamega, akapuliza, akala. Akamega tena, akakutafunia kidogo, akakutia wewe mdomoni.

Mimi nilikuwa nimesimama na bunduki na vyeti vyangu vyote, na mguu wangu ulikwenda mbele kumzuia. Ulikwenda wenyewe. Mpaka leo sijui nilikuwa namwogopa nani. Lakini wewe ulimeza, ukanyoosha mkono unataka kingine, na yule kijana mrefu akaangua kicheko, "Hata haogopi mwiba, huyu!" Mwenzake akachukua kipande. Kisha mama mmoja. Kisha wakaanza kugombania mikia. Masalu alikuwa amebaki peke yake karibu na sanduku, anamgusa fisi sikio kwa fimbo yake.

Jioni mama yako alimtundikia Bibi dripu ndani, mlango umekomewa. Akapona.

Nilipokuwa kijana ningeishia hapo, na kwa miaka mingi hadithi hii niliisimulia ikiishia hapo. Watu wanaipenda hivyo. Lakini haukupita muda mtoto wa jirani mmoja akaugua homa, na maneno yakaanza tena, safari hii mabaya zaidi. Wakasema: fisi wake ameuawa mbele ya macho yetu, naye anakaanga samaki na kutania watu, basi huyu ni mkubwa kuliko tulivyodhani, ugonjwa ameusukuma kwa mtoto. Tulichokifanya kama ushahidi wa kumwokoa, wao wakakichukua wakakiongeza kwenye ushahidi wao. Mwana wa Bibi Minza akaja kutoka Geita kwa lori akamchukua. Alipanda mbele na dereva, karai magotini, hakugeuka.

Msimu uliofuata mahindi ya Masalu yalivuka ule mstari wa minyaa yakafika mpaka kwenye kizingiti cha nyumba ya Bibi Minza.

Sina ushahidi, Kabula. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sina. Huenda Masalu aliamini kila alichokisema. Watu huamini kwa moyo wote mambo yanayowafaa. Najua tu kwamba katika kijiji kile chenye mazizi mabovu, karibu kila mtu alikuwa amepoteza mbuzi, na yeye aliyelalamika kuliko wote hakupoteza hata mmoja. Nilikuwa nalijua hilo tangu wiki ya kwanza, niliambiwa na watu wenyewe. Sikuona kwamba linahusiana na kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa fisi.

Kwa hiyo ukifika huko, usianze na mlima. Waulize waliopoteza mbuzi, halafu uulize kwa upole ni nani hakupoteza. Uliza shamba la yule bibi linapakana na nani. Uliza nani aliwatuma vijana kufyeka, na kabla ya kufyeka walikuwa wamekwenda pale mara ngapi na kwa sababu gani. Angalia mazizi. Tafuta mifupa inatupwa wapi. Nenda kwa bibi mwenyewe mchana, njia kuu, usifiche pikipiki, umwamkie, na akikukaribisha kitu, kaa nje ule watu wakikuona. Hilo usifikiri ni hisani. Ni sehemu ya kazi, kama kupima nyayo. Na kama mtego hauna budi, uweke juu huko kwenye majabali wanakolala, mbali na mlango wa mtu yeyote, hata kama utakaa miezi bila kunasa na wakakuita mvivu.

Inawezekana nimekosea tangu mstari wa kwanza. Inawezekana mwenyekiti ni mtu mwema, na bibi ndiye aliyeomba sanduku liwekwe kwake kwa sababu fisi wanamnyima usingizi. Ikiwa hivyo, nipigie simu unicheke, nitafurahi. Lakini mpaka uwe umemsikia yeye mwenyewe akisema, usitegue ile kamba ya mlango wa mtego.

Watakusukuma. Watasema mwenzako wa wilaya jirani ameshanasa. Waambie sahani imepinda, unasubiri fundi kutoka Mwanza. Danganya, mwanangu, baba yako anakuruhusu. Watakukasirikia wewe, na huko ndiko nataka hasira yao iende. Mtumishi wa serikali akichukiwa na kijiji huhamishwa, tena hupewa gari la kubebea vitanda. Bibi yule akichukiwa hakuna anayemwandikia uhamisho.

Ni mimi baba yako, na nitaiacha simu wazi.